Nuru kama Habari: Chipukizi la Ndengu, Taa za Soko la Kenyatta na Istilahi Tunazozihitaji

Utangulizi

Soko la Kenyatta, lililo kando ya barabara ya Mbagathi upande wa magharibi wa jiji la Nairobi, linajulikana zaidi kwa mambo mawili: nyama choma na ususi wa nywele. Anayekwenda huko kwa mojawapo ya shughuli hizo huenda asitambue kwamba anapita pia katika maabara ya mwanga. Vibanda vimesongamana na vijia ni vyembamba, hivyo si ajabu kuona taa ya umeme ikiwaka adhuhuri. Hatua chache kutoka kwenye taa hiyo pana jiko la makaa linalofuka moshi, na mbele kidogo pana nafaka na mikunde ya kupimiwa kwa kopo. Katika mikunde hiyo hazikosi ndengu.

Makala haya yanachukua punje ya ndengu na kuuliza swali moja: je, ikioteshwa chini ya taa, badala ya gizani, itakua vipi na itakuwa chakula cha namna gani? Swali hili ni la kibiolojia, lakini linatuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili kwa sababu mahususi. Mwanafunzi wa shule akiulizwa mmea unahitaji mwanga kwa nini, atajibu kwa neno moja: usanisinuru. Jibu hilo ni sahihi kwa mhindi ulioko shambani. Kwa chipukizi la ndengu lenye umri wa siku tatu, jibu hilo halitoshi, na linapotosha. Hoja yetu kuu ni kwamba kwa chipukizi nuru si chakula bali ni habari, na kwamba kukosekana kwa istilahi iliyozoeleka ya kuitaja kazi hii ya pili ya nuru kunatufanya tuielezee kwa neno la kazi ile ya kwanza.

Jina kabla ya jambo: ndengu, choroko na maharagwe

Kabla ya kuueleza mwanga, hatuna budi kukubaliana tunaotesha nini. Machipukizi meupe yanayopikwa katika mikahawa ya Kichina, ambayo pia huuzwa katika baadhi ya maduka makubwa ya Nairobi, aghalabu ni ya mkunde ambao wanasayansi huuita Vigna radiata. Nchini Kenya mkunde huu huitwa ndengu. Nchini Tanzania huitwa choroko, na kamusi zetu huongeza jina la tatu, yaani pojo. Tatizo ni kwamba nchini Tanzania lipo pia neno dengu, nalo hurejelea mkunde mwingine kabisa. Herufi moja tu inatenganisha vyakula viwili.

Hatari kubwa zaidi iko katika tafsiri. Kiingereza hukiita chakula hiki kwa neno pana linalohusisha mikunde mingi. Mfasiri asiye mwangalifu ataandika “machipukizi ya maharagwe”, na msomaji wake atakwenda sokoni kununua maharagwe mekundu, ayaoteshe na kuyala mabichi kama kachumbari. Maharagwe mekundu mabichi yana aina ya protini iitwayo lektini ambayo husababisha kichefuchefu, kutapika na kuhara, na punje chache tu zinatosha kuleta madhara hayo. Kuotesha kwa siku chache si njia ya kutegemewa ya kuiondoa sumu hiyo, na moto hafifu hausaidii. Sharti maharagwe yachemke kabisa, kama yanavyochemka katika sufuria ya githeri. Hapa basi kosa la tafsiri si suala la alama za mtihani. Ni suala la tumbo la msomaji.

Kuhusu tendo lenyewe, lugha yetu haina upungufu. Tuna kuota, kumea, kuchipua na kuotesha. Tuna pia nomino kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa kwa ajili ya kutengenezea pombe. Mwenye kutengeneza kimea anaelewa jambo la msingi: punje inapolowa na kuanza kumea, wanga uliomo hugeuka sukari. Vimeng'enya vilivyokuwa vimelala huamka. Hivyo ndivyo ilivyo pia kwa ndengu.

Chipukizi gizani

Punje ya ndengu ina mapande mawili yaliyoshikamana, ambayo wanabiolojia huyaita kotiledoni. Mapande hayo ni ghala. Ndani yake mna wanga, protini na madini ya kuutosheleza mche kwa siku zake za kwanza. Ndiyo maana ndengu huota hata ndani ya kopo lililofunikwa, bila udongo na bila mbolea, mradi ipate maji, hewa na joto la kufaa.

Mche unaoota gizani huwa na sura ya pekee. Shina lake huwa refu, jeupe na laini. Ncha yake huwa imejikunja mithili ya ndoana, na majani huwa madogo, yamefumbata na yana rangi ya manjano. Mtazamaji anaweza kudhani kwamba mche huo ni mgonjwa. La hasha. Mche huo unafanya hasa kile unachopaswa kufanya. Katika mazingira ya asili giza lina maana moja: bado niko chini ya udongo. Aliye chini ya udongo hana haja ya kufungua majani, kwani hayatampa faida na yatachanika. Haja yake ni kurefuka haraka afike juu kabla ghala halijaisha, na kuilinda ncha yake kwa kuikunja. Wahenga walisema kwamba usilolijua ni kama usiku wa giza. Kwa chipukizi mambo ni kinyume, kwa kuwa giza lenyewe linalijulisha mahali lilipo.

Rangi nayo ina sababu. Katika mimea itoayo maua, hatua mojawapo ya mwisho ya kutengeneza umbijani, yaani klorofili, haikamiliki bila mwanga. Malighafi huandaliwa gizani na kuwekwa tayari, lakini ukijani hausimiki mpaka nuru ifike.

Chipukizi nuruni

Nuru ikifika, mambo hubadilika kwa muda wa saa chache. Urefukaji wa shina hupungua, ndoana hukunjuka, majani hufunguka na ukijani huanza kuonekana. Jambo la kuzingatia ni kwamba mabadiliko haya huanza kabla usanisinuru haujaweza kutoa chakula chochote cha maana. Mwanga hafifu wa dakika chache unatosha kuyaanzisha, ilhali mwanga wa kiasi hicho hauwezi kuulisha mmea.

Ithibati maarufu ya jambo hili ilitokana na mbegu za saladi. Mwaka 1952 watafiti wa Idara ya Kilimo ya Marekani huko Beltsville, jimbo la Maryland, wakiwemo Harry Borthwick na Sterling Hendricks, walionyesha kwamba mwanga mwekundu huziamsha mbegu hizo, na kwamba mwanga mwekundu wa ukingoni, ambao jicho la binadamu huuona kwa shida, huzirudisha usingizini. Walipozimulika mbegu kwa zamu, mwanga mmoja baada ya mwingine, matokeo yalitegemea mwanga wa mwisho. Kama nuru ingekuwa chakula, mimuliko hiyo ingejumlishana. Badala yake kila mmuliko ulifuta ule uliotangulia, kama swichi inayowashwa na kuzimwa. Mwaka 1959 kemikali inayofanya kazi hiyo ilitambuliwa kwa vipimo, na baadaye ikaitwa fitokromu. Mwanga mwekundu unaoiwasha una urefu wa wimbi wa takribani nanomita 660, na ule unaoizima takribani nanomita 730.

Fitokromu ina wenzake wanaopokea mwanga wa samawati. Baadhi yao husaidia kuzuia urefukaji wa shina. Wengine huufanya mche uinamie upande unakotoka mwanga, jambo ambalo Charles Darwin na mwanawe Francis walilichunguza katika kitabu walichokitoa mwaka 1880. Ukiacha kopo la ndengu kando ya dirisha au taa iliyo upande mmoja, utaona miche yote imeinama kuelekea huko.

Taa si moja

Kutokana na maelezo hayo, ni dhahiri kwamba haitoshi kusema “chini ya taa” bila kubainisha taa gani. Balbu ya kizamani yenye uzi wa chuma hugeuza sehemu kubwa sana ya umeme kuwa joto, na mwanga wake umejaa wekundu pamoja na ule wekundu wa ukingoni. Kwa kuwa aina hizo mbili zinashindana katika fitokromu, miche iliyo chini ya balbu hiyo huelekea kurefuka zaidi kuliko iliyo chini ya taa nyeupe za mirija.

Taa nyeupe za LED, ambazo leo zimeenea vibandani na majumbani, nyingi zimeundwa kwa kijitaa cha samawati kilichopakwa unga unaogeuza sehemu ya mwanga huo kuwa wa manjano. Uvumbuzi wa kijitaa hicho cha samawati ndio uliowapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2014. Mwanga wa taa hizi una samawati ya kutosha na wekundu wa ukingoni kidogo mno. Kwa hiyo chipukizi lililo chini yake huwa fupi, nene kiasi na la kijani.

Kuhusu kiasi, jua la mchana mweupe hufikia takribani laksi 100,000, ilhali chumba cha kusomea chenye taa nzuri huwa na laksi mia kadhaa tu. Taa ya kibanda basi ni ombaomba mbele ya jua. Kwa mmea unaotafuta chakula taa hiyo ni njaa, lakini kwa chipukizi linalotafuta habari inatosha na kubaki.

Joto na moshi

Mtafiti mwangalifu asiuhesabie mwanga matendo yasiyo yake. Joto ndilo la kwanza. Ndengu ni mmea wa sehemu zenye joto. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai ni wa baridi. Kopo lililowekwa karibu na balbu ya kizamani litaota haraka, na mtu atasema mwanga umeliharakisha, kumbe ni joto.

La pili ni moshi. Mwaka 1901 Dimitry Neljubow, aliyekuwa akifanya utafiti mjini St Petersburg, alieleza kwa nini miche yake ya njegere ilikuwa mifupi, minene na iliyolala upande ndani ya maabara, ilhali ilisimama wima katika hewa safi. Chanzo kilikuwa gesi ya kuwashia taa iliyokuwa katika hewa ya maabara, hususan kemikali moja iitwayo ethilini. Kwa hiyo taa za zama zile ziliathiri mimea kwa gesi yake pia. Ethilini hupatikana vilevile katika moshi wa kuni na makaa, na matunda yenyewe huitoa yanapoiva. Mama anayevundika ndizi kwa kuzifunika anaihifadhi ethilini hiyohiyo, ingawa hana haja ya kuitaja. Aoteshaye ndengu karibu na jiko la nyama choma, au karibu na mkungu unaoiva, akipata machipukizi mafupi na manene, asiharakishe kuilaumu taa.

Ubora ni wa nani?

Swali la ubora ndilo linaloonyesha umuhimu wa kuchagua maneno kwa makini, kwa sababu neno ubora lina wenyewe wengi. Mpishi hutaka chipukizi refu, jeupe, linalovunjika kwa mlio na lisilo na uchungu. Huyo atapendelea giza. Anayetafuta vitamini atapendelea mwanga kiasi, kwani machipukizi yaliyopata nuru huelekea kuwa na vitamini C nyingi zaidi pamoja na umbijani na karotini, ingawa shina huanza kukakamaa na ladha kubadilika.

Hata hivyo tusitie chumvi. Gramu 100 za machipukizi mabichi ya ndengu huwa na takribani miligramu 13 za vitamini C, gramu 3 za protini, na maji ambayo ni karibu asilimia 90 ya uzito wote. Ndengu kavu huwa na takribani gramu 24 za protini kwa kiasi hichohicho. Protini haikupotea. Imezimuliwa na maji. Faida nyingine ya kuotesha ni kupungua kwa sukari zinazojaza tumbo gesi, na faida hii hupatikana hata gizani.

Aidha, nuru haiui vijidudu. Unyevu na uvuguvugu vinavyolikuza chipukizi huvikuza pia vimelea vya magonjwa. Mwaka 2011 nchini Ujerumani machipukizi ya uwatu yalihusishwa na mlipuko wa bakteria uliowaua watu zaidi ya 50. Maji safi, mikono safi na kupika ndiyo kinga.

Vilevile, nuru si njema kwa kila zao. Kiazi kikikaa chini ya taa ya duka hugeuka kijani, na ukijani huo huwa dalili kwamba sumu iitwayo solanini huenda imeongezeka. Taa ni ileile na kijani ni kilekile, ila katika ndengu huashiria lishe na katika kiazi huashiria hatari.

Zoezi la kufanya

Msomaji anaweza kuyathibitisha haya chumbani mwake. Anunue ndengu nzima sokoni, wala asitumie mbegu za kupandia, kwa kuwa nyingi huwa zimetiwa dawa. Azichambue, azioshe, azigawe katika makopo manne yaliyotobolewa chini na kuziloweka usiku kucha. Kisha azisuuze mara tatu kwa siku kwa siku tano.

Kopo la kwanza lifunikwe gizani daima, na lisuuzwe gizani. La pili likae chini ya taa ya LED mchana na usiku. La tatu lifunikwe kama la kwanza, lakini limulikwe kwa taa hiyohiyo dakika kumi tu kila asubuhi. La nne likae chini ya balbu ya kizamani, mbali kiasi kwamba kipimajoto kionyeshe joto lile lile la kopo la pili. Siku ya tano apime urefu wa machipukizi kumi kutoka kila kopo, aandike rangi na umbo la ncha, kisha ayapike kando kando na kuyaonja.

Kopo la tatu ndilo lenye funzo. Dakika kumi haziwezi kulilisha chipukizi. Iwapo machipukizi yake yatakuwa mafupi kuliko ya kopo la kwanza na ndoana zake zimekunjuka, kama nadharia inavyotabiri, basi msomaji atakuwa ameona kwa macho yake nuru ikifanya kazi ya habari.

Istilahi tunazozihitaji

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Istilahi kama usanisinuru na umbijani zimeota mizizi. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi pamoja na ile ya lugha ya taifa, ilhali masomo ya sayansi katika shule za upili yanaendelea kufundishwa kwa Kiingereza. Wajibu wa kuyaeleza haya kwa muuza ndengu na mnunuzi wake unatuangukia sisi.

Tunapendekeza istilahi tatu. Kwanza, kemikali za aina ya fitokromu ziitwe vipokeanuru, umoja wake kipokeanuru, kwa kufuata muundo wa kipimajoto na kipazasauti ambao umezoeleka. Pili, sura ya mche usiopata mwanga iitwe ukuaji wa gizani. Tatu, mabadiliko yanayoletwa na mwanga yaitwe ukuaji wa nuruni. Huenda mtu akasema kwamba hizi mbili za mwisho ni maelezo wala si istilahi. Tunajibu kwamba kiambishi cha mahali -ni kinabeba dhana yenyewe, kwa kuwa chipukizi huuliza liko wapi kabla ya kuamua likue vipi. Tena muuzaji sokoni atazielewa bila kufafanuliwa.

Hitimisho

Tumeona kwamba taa huathiri chipukizi la ndengu kwa kulijulisha, wala si kwa kulilisha. Giza hulirefusha, hulilainisha na kulifanya jeupe. Mwanga hulifupisha, hulikunjua na kulitia ukijani na vitamini. Aina ya taa, joto na moshi vyote vina sehemu yake, na ubora hutegemea nani anakula na anatafuta nini. Tumeona pia kwamba jina lisilo sahihi la mkunde linaweza kumdhuru mlaji. Mwanafunzi wa Kiswahili atakayepita Soko la Kenyatta baada ya kusoma haya, anunue ndengu kopo moja, afanye zoezi, kisha amweleze matokeo yule aliyemuuzia. Iwapo atashindwa kumweleza kwa Kiswahili, tujue kwamba kazi yetu ya istilahi bado haijakamilika.